Dada Bado na Kile Alichokataa Kumpa Mdogo Wake

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliosimama juani: karatasi hii ni fupi kuliko maisha ya mtu, lakini imejitahidi. Tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 7 Septemba 2024, alikuwa binti, dada, mke, mama wa kulea, na daktari wa kemia aliyetumia karibu nusu ya umri wake kutafuta dawa ya saratani ya matiti. Cheti chake cha kuzaliwa kina jina refu lenye heshima zake zote. Hapa ataitwa kama alivyoitwa nyumbani na mtaani, maana lile la cheti hata yeye mwenyewe alichelewa kuliitikia. Aliitwa Dada Bado.

Alizaliwa siku ya Ijumaa tarehe 9 Machi 1962, mtoto wa pili kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya hospitali kubwa ambako mama yake alikuwa mfuaji wa mashuka. Baba yake alikuwa fundi saa, mwenye kibanda cha kioo mbele ya benki. Aliyemtangulia ni kaka yake, ambaye baadaye alikuwa dereva wa lori. Aliyemfuata, baada ya miaka minane ya watu kudhani uzazi umefungwa, ni mdogo wake wa kike, ambaye alikuja kuwa msusi. Wazazi wote wawili walitangulia mbele ya haki zamani.

Jina la Bado alilipata jikoni. Mama akienda zamu ya mchana alimwachia sufuria ya maharage, kazi yake ikiwa ni kuyaangalia na kuyaipua yakiiva. Mtoto mwingine angeonja punje moja akamaliza. Yeye alichukua ya juu, ya katikati na ya chini, akaziponda kwa kidole kwenye sahani, na moja ikiwa na kiini kigumu alirudisha mfuniko. Kaka anatoka mpirani, tumbo limeshikana na mgongo, anauliza dirishani, "Yameiva?" "Bado." Anazunguka nyumba, anarudi. "Na sasa?" "Bado." Baba alisema siku moja kwamba katika saa zote mbovu alizowahi kushika hakuna iliyomchelewesha kama binti yake. Lakini katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuugua tumbo kwa maharage mabichi. Hilo halikusemwa na mtu wakati ule. Mwenye njaa hashukuru.

Alianza shule ya msingi mwaka 1969. Mwalimu wa sayansi aliliambia darasa kwamba chumvi ikiyeyuka kwenye maji imepotea. Mtoto akarudi nyumbani, akachemsha maji ya chumvi mpaka sufuria ya mama ikabaki na utando mweupe, akaukwangua, akaupeleka shuleni ndani ya kijiko kilichofunikwa kwa karatasi. "Mwalimu, imerudi," akasema. Mwalimu, tumpe haki yake, aliuonja mbele ya darasa zima na akakubali. Sufuria haikupona, na mama hakukubali kirahisi hivyo.

Sekondari alisoma bweni, kisha akaingia chuo kikuu mwaka 1982 kusomea kemia. Akafanya kazi miaka mitano katika maabara ya serikali ya kupima vidonge vinavyouzwa madukani, na huko ndiko alikoona kwa macho yake vidonge vya homa ambavyo ndani ni chokaa tupu. Tangu hapo hakuamini kidonge kwa kukitazama. Mwaka 1990 alikwenda ng'ambo kusomea udaktari wa kemia, akarudi 1995 na masanduku mawili ya vitabu na koti moja zito ambalo halikuvaliwa tena na mtu. Kaka yake alipomuuliza alikuwa anakula nini huko, alisema maharage ya kopo hakuyagusa, kwa sababu hajui ni nani aliyesema yameiva.

Mdogo wake yeye aliishia shule ya msingi, akaanza kusuka watu chini ya ngazi ya jengo la maduka. Dada Bado hakulipenda hilo na alilisema. "Dada," msusi akamjibu, "kila mtu na kichwa chake. Wewe ulipewa kimoja cha kufikiri, mimi nimepewa vingi vya kusuka." Dada Bado hakulirudia tena.

Kuanzia mwaka 1996 hadi anastaafu alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa dawa. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya pili, mwisho wa korido: kabati la kioo lenye feni ya kuvuta moshi, chupa ya mviringo inayozunguka taratibu juu ya maji ya moto, madirisha yaliyopakwa rangi nyeupe ili jua lisiharibu vitu, na harufu ile ya dawa ya kutolea rangi ya kucha ambayo msusi aliitambua kwenye nguo za dada yake kabla hata ya kuambiwa anashughulika na nini. Alichokuwa akikitengeneza humo, mwisho wa yote, kilikuwa unga mweupe wa kujaa ukucha. Kila unga ulipewa namba. Hakukubali upewe jina. "Ukikipa kitu jina utaanza kukitetea," alisema.

Wengi walimuuliza kazi yake hasa ni ipi, na wengi waliondoka na adabu zao bila kuelewa. Aliyeeleweshwa vizuri ni msusi, kwa sababu alielezwa saluni, kwa lugha ya saluni, kichwa cha dada kikiwa kimeinamishwa na kitana kiko kazini.

"Mdogo wangu, seli ya mwili ni kama nyumba. Mlangoni yupo mpokea habari. Akipata habari anamnong'oneza wa sebuleni, wa sebuleni anamnong'oneza wa koridoni, mpaka imfikie mwenye nyumba chumbani: jigawe, ongezeka. Seli nzima, isiyo na ugonjwa, inasikia hivyo mara mojamoja, inafanya, inatulia. Sasa kwenye saratani, huyu wa koridoni ana wazimu. Anapiga kelele ongezeka, ongezeka, na huko mlangoni hakuna hata aliyebisha hodi."

"Mmbea," msusi akasema.

"Mmbea kabisa. Mimi natafuta kitu kidogo, kidogo mno, kipenye hadi koridoni kimkae mdomoni."

"Si umuue tu yaishe?"

"Hata nyumba nzima zina mtu wa koridoni. Nikiua ovyo nitaua mtaa. Nataka huyu anyamaze, wenzake waendelee kuongea."

"Hiyo ngumu," msusi akasema, akaendelea kuchana. "Kwenye saluni hii yenyewe imenishinda."

Ndiyo kazi aliyoifanya, kila siku, na mara nyingi kile kitu kidogo kilikataa kupenya, au kilipenya kikakaa mdomoni mwa asiyehusika. Kinatupwa, inatengenezwa namba nyingine.

Tarehe 12 Februari 2000 alifunga ndoa na fundi jenereta wa kituo kile kile, aliyefiwa na mkewe na mwenye binti mdogo. Walijuana kwa sababu ya umeme. Seli na dawa zao zilihifadhiwa kwenye friji kubwa la baridi kali lenye kengele. Umeme ukikatika au mlango ukibaki wazi, linapiga kelele hadi barabarani, na wa kwanza kufika siku zote walikuwa wawili hao, mmoja na spana, mwingine na ndoo ya barafu. Watu wazima, hawakuwa na haraka. Siku ya harusi yao msusi alitumia asubuhi nzima kumsuka bibi harusi, akampendezesha mpaka fundi saa, baba yake, akavua miwani kujifuta macho. Wageni wameketi, chakula kimepakuliwa, taa zikazimika. Bwana harusi akamtazama bibi harusi. Bibi harusi akashika gauni. Wakaondoka kwa pikipiki ya fundi, mbio kuwahi friji, wageni wakala peke yao. Walirudi gauni linanuka dizeli na nywele, baada ya kazi yote ile, zimelowa barafu. Msusi alisema sentensi moja tu: "Afadhali mmepatana, maana mngesumbua nyumba mbili." Hawakujaliwa mtoto pamoja, lakini binti wa mume alimlea kama wa kumzaa, akamfundisha kuponda maharage matatu.

Mwaka 2008 ndipo namba 412 ilipofanya ambalo nyingine zote zilishindwa. Kwenye visahani vya maabara, seli za saratani zilizowekewa unga ule ziliacha kujigawa, na seli nzima za jirani zikaendelea na maisha yao. Kituo kizima kilishangilia. Gazeti likaandika kwa herufi za kuonekana ng'ambo ya barabara: DAWA YA SARATANI YA MATITI YAPATIKANA. Dada Bado alivaa viatu akaenda hadi chumba cha habari.

"Andikeni kwamba bado," alimwambia mhariri.

"Dokta, gazeti linalosema bado haliuziki."

"Basi siku hiyo msiliuze."

Hawakuandika. Watu wakaanza kuja getini kwake, mwingine kamshika mkono mama yake, mwingine kabeba picha za hospitali ndani ya bahasha. Hakumfukuza hata mmoja. Aliwatolea viti, akawapa maji, akawaeleza kuwa kitu kinachonyamazisha seli kwenye kisahani kinaweza kuunguza mwili wa mtu. Kwamba lazima kipite kwa panya, kisha kwa wanyama wengine, kisha kwa watu wachache walioulizwa na kukubali, na kwamba kila hatua swali la kwanza ni kitadhuru nini, si kitasaidia nini. Walimsikiliza mpaka mwisho, kisha wakauliza, "Kwa hiyo lini?" Hapo ndipo jina la nyumbani lilipohamia mtaani, na huko halikuwa mzaha tena. Wengine walilitamka kama tusi.

Mwezi wa nne mwaka 2009 msusi alikuwa anaoga, mkono ukagusa kitu chini ya titi la kushoto, kigumu kama punje ya maharage iliyokataa kuiva. Hospitali wakampima, wakasema ni saratani. Wakamwambia atapasuliwa, kisha dripu za dawa kali, kisha wataona. Msusi, ambaye ulimi wake haukuwahi kumwogopa mtu, kisu alikiogopa. Alibandua kile kipande cha gazeti alichokuwa amekibandika kwenye kioo cha saluni kwa kujivunia dada yake, akakiweka kwenye pochi, akapanda ngazi za kituo kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Dada yake alipomwona mlangoni, alijua kabla ya salamu. Akamkalisha, akamuuliza waliompima wamesema nini, akasoma majibu yote, akayarudia.

"Ile ya kwenye gazeti ipo humu ndani?" msusi akauliza.

"Ipo."

"Wapi?"

Akamwonyesha kwa kidevu: friji la mwisho wa korido.

"Basi nitolee, dada. Nakunywa leo."

"Bado."

"Hiyo bado ya maharage usiniletee mimi. Mimi nina watoto wawili."

"Ndiyo maana utakwenda kupasuliwa. Ile ya hospitali inajulikana. Inaumiza, lakini inajulikana inaumiza wapi."

Msusi aliweka kipande cha gazeti mezani, akainuka, akaondoka bila kuaga.

Jumapili tarehe 26 Aprili ukoo ulikaa nyumbani kwa kaka. Mama mdogo, marehemu sasa, ndiye aliyeongoza, na alikuwa mwanamke asiyezunguka mbuyu. Kaka alisema damu ni nzito kuliko maji. Mwingine akasema kusoma kote kule kuna faida gani kama hakumfikii wa tumbo moja. Dada Bado alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba magotini, akawasikiliza wote. Zamu yake ilipofika alisema neno moja.

"Mnataka nimfanye mdogo wangu panya?"

"Panya umewapa," mama mdogo akasema. "Nduguyo umemnyima."

Dada Bado aliinuka. Aliaga kwa adabu, mmoja mmoja, akatoka. Nyuma yake walisema ana moyo wa jiwe, kwamba elimu imemkausha utu. Hayo yalisemwa na wengi waliosimama hapa leo, na karatasi hii haimfukui mtu. Inasema tu yalisemwa, kwa sababu yeye aliyabeba.

Msusi alipasuliwa mwezi Mei. Wakati wa dripu, kila alipokwenda, dada yake alikuwa ameshafika na kukaa kwenye benchi la nje ya wodi, amemwekea blanketi, limau na ndoo ndogo ya kutapikia. Msusi alipokea ndoo, hakupokea salamu. Akampa kisogo, na dada akabaki hapo hapo akitazama kisogo hicho, mpaka nywele zilipoanza kukidondoka.

Zilianguka zote. Sasa fikiria msusi asiye na unywele. Wateja walikuwa wanaingia, wanamwona, wanakumbuka shughuli walizosahau nyumbani. Mikono ikafa ganzi, kitana kikawa kinamponyoka. Ndipo Jumamosi moja Dada Bado alipoingia saluni bila kuitwa, akavaa aproni, akaanza kufagia. Jumamosi iliyofuata akaosha vichwa vya watu. Daktari mzima wa kemia, mikono imejaa povu, akiambiwa "Dada, sugua hapo nyuma ya sikio," naye anasugua. Msusi hamsemeshi. Anatazama kioo, anamwona humo, anageuza macho.

Mpaka siku aliposhika kopo la dawa ya kunyoosha nywele. Alivaa miwani, akasoma maandishi madogo ya nyuma, ambayo tangu saluni ifunguliwe hakuna aliyewahi kuyasoma. Mteja yuko kwenye kiti, amejiandaa.

"Mama," Dada Bado akamwambia kwa upole, "hii imetengenezwa na soda kali, ile ile wanayozibulia mabomba ya sinki."

Mteja akashika kichwa. Wa pembeni yake akainuka. Aliyekuwa mlangoni hakuingia. Wakabaki wawili, dada na mdogo, na kopo katikati.

"Unanifukuzia wateja," msusi akasema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu lile la watoto wawili.

"Samahani."

"Usiniombe samahani, nenda kawarudishe."

Akatoka mbio, daktari wa watu na aproni yake, akawaita barabarani. Msusi alimwona dirishani, akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na dada aliporudi na mteja mmoja tu alikuta kiti kimevutwa, ameandaliwa pa kukaa.

Mwaka uliofuata majibu ya panya yalitoka. Waliopewa 412 kwa muda mrefu walikutwa maini yameharibika. Si wote, lakini wengi. Kazi ya miaka ikasimama. Habari hiyo gazeti halikuiandika. Ukoo uliposikia, uligeuka kama shati: kumbe alimwokoa, kumbe alijua. Mama mdogo alikuja kumwomba radhi, kabeba na kuku. Kuku alipokelewa. Sifa alizirudisha.

"Mama, sikujua," alimwambia. "Ningejua ningewaambia siku ile ile. Nilikuwa sijui, na asiyejua hana cha kumpa mtu."

Msusi alimuuliza peke yake, saluni, baada ya kufunga. "Ningeinywa, ningekufa?"

"Sijui. Wewe si panya. Pengine ini lako lingevumilia, pengine na uvimbe ungenyauka. Sijui, mdogo wangu. Ndiyo sababu sikukupa."

Wengine tungependa jibu zuri zaidi ya hilo. Hakuwa nalo, na hakutunga.

Alirudi kwenye chumba chake cha madirisha meupe, akaitazama 412 upya, akaanza kukata kipande kinacholichoma ini bila kuondoa kile kinachomnyamazisha wa koridoni. Ilichukua miaka. Tarehe 4 Machi 2019, mgonjwa wa kwanza, mwalimu wa shule ya watoto wadogo, aliulizwa, akaelezwa yote, akakubali, akameza kidonge kilichotoka katika kazi hiyo. Mpaka leo kinapimwa. Kwa baadhi ya wagonjwa uvimbe umesinyaa, kwa wengine haukusikia. Karatasi hii haitasema zaidi, kwa kuwa yeye mwenyewe asingeiruhusu.

Alistaafu mwaka 2022, na mwaka huo huo moyo ukaanza kumchoka. Miguu ilivimba, ngazi zikawa mlima, akawa analala ameegemea mito. Kama mgonjwa alikuwa taabu tupu. Kila boksi la dawa alitoa karatasi yake ya ndani akaisoma yote kabla ya kufungua kidonge, na muuguzi amesimama na glasi ya maji mkononi. Mwaka jana daktari wake alimwambia kuna dawa mpya ya moyo inayofanyiwa majaribio kwa watu, akamuuliza kama atakubali. Nusu ya wagonjwa wanapewa dawa, nusu wanapewa kidonge kinachofanana nayo ambacho ndani hakina kitu, na hakuna anayejua nani kapata nini, si mgonjwa, si daktari. Alikubali kabla sentensi haijaisha.

Msusi alipandwa na hasira. "Mimi ulinikatalia. Wewe unameza?"

"Hii imeshapita kwa panya. Na nimeulizwa na mtu ambaye si ndugu yangu, nikaelezwa, nikakubali. Wewe ungemeza kwa sababu unaniamini. Hiyo si sababu ya kumeza kitu."

"Na kama umepewa kile kitupu?"

"Basi nimesaidia hivyo hivyo."

"Tutajua lini?"

"Mimi sijui. Wewe utajua."

Mwisho wa Agosti alilazwa. Jumatatu tarehe 2 Septemba, msusi alikwenda wodini na kitana na mafuta, akamwinua taratibu, akaanza kumsuka. Nywele zilikuwa zimebaki chache, nyepesi kama pamba iliyochambuliwa. Upande wa kulia ulipoisha, mgonjwa alichoka.

"Umemaliza?" akauliza, macho yamefumba.

"Bado," msusi akasema.

Mgonjwa akacheka, kicheko kidogo cha puani. "Leo nimejua njaa yenu," akasema. Akaomba alale, upande wa kushoto usubiri kesho.

Alfajiri ya Jumanne tarehe 3 Septemba 2024 alifariki dunia, mume wake akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na miwili. Upande wa kushoto msusi aliumalizia pale alipolazwa marehemu kwa mara ya mwisho, na alichukua muda mrefu kuliko kawaida, kwa kuwa hakutaka kufika mwisho wa ule msuko.

Juzi, ndugu wakiwa wanapanga mazishi, kaka mtu akasema, kwa mapenzi yake, kwamba marehemu alikuwa na moyo wa chuma, hata mdogo wake alipolia hakuyumba. Mume wake, ambaye kwa miaka yote hajawahi kuingilia neno la ukoo, akaweka kikombe chini. Akasema Jumapili ile, baada ya kikao, alikuwa kituoni anabadilisha mafuta ya jenereta, akasikia kengele ya friji. Umeme ulikuwepo. Akapanda ngazi akijua ni mlango. Alimkuta mkewe amesimama mbele ya friji wazi, moshi wa baridi umemfunika magoti, kichupa cha 412 kiko kiganjani, ngozi ya vidole imeshaanza kugandana na kioo. Hajui alikuwa amesimama hapo kwa muda gani. Alimwita, hakugeuka.

"Funga wewe," alimwambia mumewe. "Mimi mkono wangu hautafunga."

Mume akamfungua vidole kimoja kimoja, akakirudisha kichupa mahali pake, akafunga. Dada Bado alibaki na alama kwenye kidole gumba, ile alama ambayo watu wote tuliiona na yeye akasema ni ya kuungua jikoni. Kaka alitoka nje, akakaa kwenye lori lake.

Ameacha mume, fundi jenereta, binti mmoja aliyemlea, na wajukuu wawili wanaokataa chakula kisichoonjwa mara tatu, kaka mmoja, wapwa wawili, ambao mama yao aliwaona wakikua, wafanyakazi wenzake, wanaoendelea kumfukuzia yule mmbea wa koridoni, na wanawake, hatuwajui, ambao asubuhi ya leo wamemeza kidonge na wanangoja. Ameacha pia mdogo wake wa kike, msusi, aliyenyimwa, aliyepasuliwa, aliyenuna, aliye hai mwaka wa kumi na tano sasa, na ambaye ndiye anayewasomea karatasi hii.

Hospitali imesema majaribio ya dawa ya moyo yakiisha itatuita, ituambie alikuwa anameza nini. Familia imekubali kungoja. Tumezoea.

Umeme ukikatika leo, ataamka mwingine. Yeye mwacheni apumzike.